Walioshindwa Mezani

Nakumbuka kicheko cha siku moja, mwanangu. Kilitoka ndani ya bweni la mabati kule Ludewa, mvua ikipiga juu ya paa, na kati ya vijana waliocheka mimi ndiye niliyecheka mpaka nikashika mbavu. Nitakueleza tulikuwa tunacheka nini na nani alitunyamazisha. Lakini kwanza vuta stuli usogee karibu na jiko. Baridi ya Njombe mwezi huu haina adabu, na habari yangu si fupi.

Najua kilichokutoa chuoni katikati ya wiki. Mama yako ameniambia, na uso wako umemalizia. Timu yenu ya wasichana haijafungwa tangu msimu uanze. Kamati ikakaa, ikachagua timu nne za kwenda kugombea ubingwa wa vyuo, na chuo chenu hakimo. Wamesema mmecheza na timu nyepesi. Wamesema wametazama video za simu na wameona wengine wanapendeza zaidi. Basi wewe nahodha umekuja na jezi kwenye begi, unasema utairudisha, na mechi ya Jumamosi na wasichana wa Ludewa hutaki hata kuisikia. Kwa hasira hiyo sikulaumu, Upendo. Mimi katika umri wako ningekasirika vilevile, na nadhani ningetukana.

Ila jana, ulipokuwa unaosha vyombo, nilikusikia ukimwambia mama yako, "Hata tukiwafunga hao wa Ludewa, wale si kitu." Hapo ndipo uliponigusa, binti yangu. Baba yako alikuwa golikipa wa hao wasio kitu.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu katika chuo kidogo kilichokaa juu ya mteremko wa kushukia Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wengi wetu tulikuwa watoto wa ziwani. Mpira tuliujulia kwenye mchanga, kifua wazi, jua likituchoma mgongo. Ukitutoa huko ukatuleta kwenye nyasi za nyanda za juu, asubuhi ya ukungu, vidole vimekufa ganzi, tulikimbia kama watu waliovaa gunia. Tulifungwa sana. Nakuambia hivyo bila kona. Lakini sifa moja tulikuwa nayo, na hiyo naidai mpaka leo: tukiitwa, tulikwenda. Chuo chochote kikitualika mechi tulipanda lori la mbao, tukapanda basi, tukatembea palipobaki, tukafika hoi, tukafungwa, tukala chakula cha wenyeji, tukarudi.

Wakati ule vyuo havikuwa na ratiba. Njia zilikuwa mbaya na nauli haikutosha, kwa hiyo kila chuo kilijitafutia wapinzani wake, kikimpata mtu kinacheza naye. Msimu ukiisha, kamati ya michezo iliketi Makambako, katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni, ikateua timu nne. Hizo nne ndizo zilizocheza pale Makambako mpaka bingwa akapatikana. Ilikuwa sherehe hasa. Watu walishuka kwenye treni, madereva wa malori ya kwenda Zambia waliegesha wakasahau mizigo yao, na wenye maduka walifunga mapema. Na si sherehe tu. Timu za mashirika zilituma watu wao kutazama, na kijana aliyeng'ara pale aliweza kupewa kazi na mpira kwa pamoja. Mtoto wa mkulima kuingia kwenye ile nne ilikuwa ni kufunguliwa mlango.

Sasa, kulikuwa na chuo Lupembe, katikati ya mashamba ya chai. Timu yao, mwanangu, haikufungwa mwaka ule na mtu yeyote. Nahodha wao aliitwa Yeremia, kijana mrefu, mpole wa maneno, mguu wake wa kushoto haukuwa na upole wowote. Vyuo vikubwa vya kando ya barabara kuu vilialikwa Lupembe mara kwa mara, na kila mara vilijibu kwa adabu kwamba basi lao haliwezi lile tope. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sawa, lakini nadhani wahenga hao hawakupita barabara ya Lupembe wakati wa masika. Pale hata chema hukwama mpaka kwenye ekseli. Basi Lupembe walicheza na waliokubali kufika, na waliokubali kufika walikuwa watu wa namna yetu.

Tulikwenda juu ya lori la chai lililokuwa linarudi tupu kutoka kiwandani, tumekalia magunia. Tulifungwa mabao manane.

Kufungwa manane si neno. Kwetu, hata hivyo, kuna utu katika mchezo. Ukishaona mgeni wako amechoka na amekubali, unapunguza mwendo, unapigapiga pasi, unauacha muda uishe naye akiwa bado na uso wa kumtazama mtu. Lupembe hawakupunguza. Kila bao lilipoingia walikimbilia wenyewe nyavuni kwangu kuchukua mpira ili tuanze upesi. Bao la sita, Yeremia mwenyewe aliingia golini, akaniruka nikiwa nimelala kwenye matope, akauokota mpira na kukimbia nao katikati bila kunitazama. Kama angenicheka ingeniuma kidogo. Kule kutonitazama kuliniuma zaidi.

Baada ya mechi walituandalia bwaloni, ugali na kuku, na chai ya maziwa iliyokuwa ikitoa moshi. Nahodha wetu akasema, "Hatuli." Tukaondoka. Unajua kwa watu wetu maana yake ni nini kukiacha chakula cha mwenyeji mezani, kimepakuliwa, ukatoka nje na njaa yako. Ni kumwambia kwamba kuanzia leo mimi na wewe hatujuani. Tulifika Njombe matumbo yanaunguruma, na hakuna aliyejuta.

Wiki kadhaa zikapita, kisha ikaja ile siku ya kicheko. Mwalimu Otmari, mlezi wetu wa michezo, alirudi kutoka Njombe na habari za kamati. Alikuwa mzee wa Kipangwa aliyekaribia kustaafu, mwembamba, anayevaa koti moja la kijivu masika na kiangazi. Alisimama mlangoni mwa bweni, maji yanamchuruzika, akatutajia timu nne. Lupembe haikuwamo. Kilichowekwa mahali pao ni chuo kimoja cha kando ya barabara kuu, ambacho kilikuwa kimepoteza mechi mbili.

Bweni zima likalipuka. Walivuna walichopanda! Manane yao yamewasaidia nini? Nikasimama juu ya kitanda nikaigiza jinsi Yeremia alivyokuwa akikimbia na mpira kwapani, nikakimbia nao mpaka Makambako, nikabisha hodi, nikafungiwa mlango. Wenzangu walianguka kwa kucheka.

Mwalimu Otmari alingoja tuishe. Kisha akasema, "Alfonsi, shuka hapo." Nikashuka. "Mnamcheka nani?"

"Lupembe, Mwalimu."

"Unajua kamati imetoa sababu gani? Imesema Lupembe haijamfunga mtu. Basi nisaidie, mimi mzee nimesahau. Yale mabao manane walimfunga nani?"

Nikaanza kulinyoosha blanketi nililolikanyaga.

"Walikufunga wewe. Na kama walikufunga wewe, na hawajamfunga mtu, wewe ni nini?"

Akatuzungushia macho mmoja mmoja, akasema taratibu, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ninyi mnachekelea wembe uliokwisha kupita kwenye vichwa vyenu. Wale wazee wamekaa Makambako wakasema kwamba watoto wa Ludewa si watu wa kuhesabiwa, na ninyi mnapiga makofi." Akaondoka. Mwanangu, nimewahi kuchapwa, nimewahi kufukuzwa darasani, lakini sijawahi kukemewa kama siku ile. Nililala nikiwa nimeugeukia ukuta.

Haikupita wiki, Yeremia akafika. Alikuja peke yake, kwa basi mpaka mahali, kwa miguu mahali pengine, viatu ameviweka shingoni visiharibike. Akasimama uwanjani kwetu akasema, "Kamwene," salamu ya kwao, nasi tukaitika kwa shingo upande. Alitaka kuanza kueleza shida yake pale pale. Mwalimu Otmari akamkataza. Akaagiza ugali na usipa, vile vidagaa vya kwetu, akatuita mimi na nahodha wetu, akasema, "Oneni, huyu ni mgeni na ninyi kwake mliacha chakula. Mtakula naye sahani moja. Maneno yatafuata."

Tukala. Mwanzoni kila mtu alikuwa anakata tonge upande wake kama amechorewa mpaka. Usipa wa ziwani wana miiba midogo, na Yeremia, mtu wa chai na viazi, ulimkwama mmoja kooni. Nikampa maji. Basi tukaanza kuongea.

"Siku ile mlituonea," nahodha wetu akamwambia.

Yeremia aliinamisha kichwa. "Tuliwaonea. Tulisikia kamati haiji Lupembe, inapokea matokeo tu. Tukaambiwa tufunge mengi ili wayaone wakiwa huko huko. Mimi niliona aibu kukutazama, Alfonsi. Nilisema nikikutazama nitaacha kukimbia."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini hakunitazama. Ona basi jinsi jambo ovu linavyosafiri, binti yangu. Kamati ilimdharau yeye kwa sababu anakaa mbali. Yeye, ili aonekane, akatukanyaga sisi. Nasi tukamrudishia kwa kicheko. Na wale waliolianzisha walikuwa wamekaa Makambako wanakunywa chai yao, hawajui hata kama tuna majina.

Alilolijia ni hili. Kamati ilikuwa inakutana mara ya mwisho Makambako kabla ya mashindano, na Yeremia alitaka kwenda kuuliza. Alituomba tumsindikize, kwa sababu katika vyuo vyote ni sisi tu tuliocheza na pande zote mbili: Lupembe, na kile chuo cha barabarani kilichowekwa mahali pao, ambacho kilikuwa kimetufunga mawili. Nahodha wetu akaguna kwamba kula ugali na mtu ni jambo moja na kumbebea kesi yake ni jingine. Mwalimu Otmari akamjibu kwa maneno ambayo hata wewe unayajua, ila siku hiyo niliyasikia kama mapya: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Tukapanga kwenda: yeye Mwalimu, Yeremia, na mimi golikipa.

Ukumbi ule wa Makambako ulikuwa unanuka mafuta ya taa na mbao mbichi. Wazee wa kamati walikaa nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha maua, na wengi wao, nilikuja kujua, walitoka katika vyuo vya barabarani. Kesi ya nyani kampelekee ngedere! Hata hivyo nitakuwa mwongo nikikuambia walikuwa watu wabaya. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mnene mwenye huruma usoni, alitupa viti, akaagiza chai. Akatueleza kwa upole kwamba anazifahamu timu, amezitazama miaka mingi, jicho lake halimdanganyi. Akasema mashindano yanahitaji timu zitakazojaza uwanja. Akasema Lupembe ni wazuri, lakini wamecheza na nani? Kisha akamwekea Yeremia mkono begani.

"Kijana wangu, asiyekubali kushindwa si mshindani."

Yeremia akamtazama. Sauti yake ilikuwa ya heshima. "Heshima yako naitunza, Mzee. Ila nionyeshe aliyetushinda, nikamkubali."

Mmoja alikohoa, mwingine akasogeza kikombe. Mwenyekiti akaona aibu kidogo, nadhani, maana akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye golikipa uliyefungwa na wote wawili? Haya, wewe sema kweli. Nani mkali?"

Mwanangu, moyo wangu ulikuwa upande wa Yeremia. Neno moja tu lilitakiwa, "Lupembe," na ningekuwa nimemlipia ile sahani ya usipa na zaidi. Lakini kweli yenyewe ilikuwa imenikaa kwenye viganja. Mshambuliaji wa kile chuo cha barabarani alikuwa na shuti lililoniacha nimevimba mikono mpaka siku ya pili, na mabao yao yalikuwa mawili kwa sababu walipunguza mwendo, walituonea huruma. Ndani ya nafsi yangu nilihisi kwamba wangekutana, Lupembe wangefungwa. Nilihisi. Sikujua. Nikamtazama Mwalimu Otmari, naye akawa anatazama kikombe chake tu, hakunisaidia.

Nikasema, "Sijui, Mzee. Na wewe hujui. Ndiyo maana mpira unachezwa."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali asipopenda. Lakini hakubadilisha kitu. Timu nne zilibaki zile zile. Tukashukuru kwa chai, tukatoka.

Nje, pale malori yanapoegeshwa, Yeremia alilia. Mtu mrefu namna ile, anafuta machozi kwa mkono wa sweta. Alisema ameacha mpira. Alisema heri kulima. Alidhulumiwa, basi. Kuna wakati mtu akidhulumiwa heshima pekee unayoweza kumpa ni kutomwambia kwamba hakudhulumiwa.

Mwalimu Otmari alisimama kando akivuta koti lake. Kisha akatushangaza. Akasema, "Ngojeni hapa," akarudi ndani ukumbini.

Baadaye alitueleza alichokwenda kusema. Aliwaambia wazee kwamba ya mwaka huu ameyaacha. "Mwaka huu kila mtu hapa anajua kanuni ipi itamnufaisha nani, ndiyo maana hatuwezi kusikilizana. Lakini mwakani bado hatujui nani atakuwa na timu nzuri. Inaweza kuwa yako, inaweza kuwa yangu. Basi tutunge kanuni sasa, tukiwa wote gizani. Wanaokaribiana wacheze mtoano, anayefungwa arudi nyumbani, anayeshinda asonge mbele, na mwenye basi lisiloweza tope apoteze mechi." Wale wazee hawakukubali siku hiyo. Ilichukua miezi, na vyuo vidogo vyote kusema kwa sauti moja, na Mwalimu Otmari kusafiri na koti lile kwenda na kurudi. Lakini msimu mpya ulipoanza, mtoano ulikuwapo, na Yeremia, ambaye alikuwa hajaacha mpira hata wiki mbili, alikuwapo pia.

Nikuambie ilivyokuwa? Sisi tulitolewa mechi ya kwanza, mawili kwa moja, na nilidaka penalti, na hiyo penalti mama yako ameisikia mara nyingi mpaka sasa huondoka chumbani nikiianza. Lupembe walisonga. Wakasonga tena. Katika nusu fainali wakapangwa na nani, kama si kile chuo cha barabarani. Nilipanda lori kwenda Makambako kutazama. Uwanja ulijaa, mvua ya manyunyu, na nilipiga kelele za Lupembe mpaka sauti ikakauka.

Walifungwa matatu kwa moja.

Moja lile alilifunga Yeremia, kwa ule mguu wa kushoto, na kwa muda mfupi tulidhani dunia imegeuka. Lakini walizidiwa, mwanangu. Walizidiwa waziwazi, na kila aliyekuwapo aliona. Firimbi ya mwisho ilipolia nilivuka kamba nikamkimbilia, nikiogopa nitakalolikuta. Nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, uso umelowa, na huku anatabasamu. Yule mshambuliaji aliyewahi kunivimbisha mikono alikuwa amemshika mkono, hamwachi, wanaambiana kitu. Alipofika kwangu akasema, "Alfonsi, leo nimefungwa na watu. Mwaka jana nilifungwa na meza, na meza haina mkono wa kukupa."

Yule mwenyekiti mnene alikuwa jukwaani siku ile. Tulipopita alimwambia Mwalimu Otmari kwa furaha, "Si niliwaambia? Jicho langu halidanganyi." Mwalimu akamjibu kwa heshima zote, "Ulituambia, Mzee. Lakini hukutuonyesha."

Nimelitafakari jambo hilo miaka mingi. Huenda mwenyekiti alikuwa sahihi tangu mwanzo. Huenda hata mwaka ule wa kwanza Lupembe wangefungwa tu. Na bado aliwadhulumu. Haki, nadhani, haiko katika kupata jibu sahihi peke yake. Iko katika kumwacha mtu alifikie jibu lake kwa miguu yake mwenyewe. Watu wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na ni kweli tupu. Lakini ili mtu akubali kushindwa, lazima kwanza ashindwe. Yeremia aliporudi Lupembe baada ya yale matatu, alilala usingizi. Mwaka wa nyuma hakulala. Hakuitwa na timu ya shirika lolote. Alifundisha shule, siku hizi analima parachichi, na kila Krismasi ananipigia simu kunikumbusha yale manane. Namwambia mpaka leo nangoja marudiano.

Sasa wewe, mwanangu. Kasirika, una haki ya kukasirika, na yeyote atakayekuambia kamati haijakosea mwambie aje aongee na mimi. Ila dharau uliyopewa usiishushe kwa walio chini yako. Ukisema wasichana wa Ludewa si kitu, umeshaikubali hukumu ya kamati, umeitia muhuri kwa mkono wako, kwa maana kama wao na wenzao mliocheza nao si kitu, basi ninyi mmefunga hewa. Ulizitolea jasho zile mechi au hukuzitolea? Walikuja wakasimama mbele yako, wakati wakubwa walikuwa na visingizio. Hao ndio mashahidi wako pekee duniani kwamba ulicheza. Waheshimu.

Jumamosi ivae hiyo jezi ucheze. Ukiwafunga, wafunge, sikuambii umhurumie mtu kwa unafiki. Lakini mpira ukiwa nyavuni mwache golikipa wao auokote mwenyewe, na akiinuka mtazame usoni. Mkimaliza, kaeni mle pamoja. Halafu keti na nahodha wao, na manahodha wengine mliowafunga, na hata wale waliochaguliwa, maana nao mwakani wanaweza kuachwa. Nendeni kwa kamati wote kwa pamoja. Msiombe ya mwaka huu, yameshapita, na mkiyang'ang'ania mtaonekana mnatetea tumbo lenu. Ombeni kanuni ya mwakani, leo, wakati hakuna ajuaye itambeba nani. Mtachelewa kusikilizwa. Rudini tena. Na kanuni ikipatikana, ikawafunga ninyi wa kwanza, msiikimbie.

Haya, nimesema yangu. Mungu akujalie magoti mazima na moyo usiochacha. Akujalie wapinzani wanaofika hata njia ikiwa mbaya. Akupe ushindi mwingi, ule ulioutolea jasho, watu wakiona. Na siku ya kufungwa ikija, Upendo, kwa kuwa itakuja, nakuombea akufunge mtu mwenye mkono, umshike.